Kupunguza uzito kwa kuhesabu kalori huku ukiendelea kula matoke: mwongozo kamili

Mwaka 2018 watafiti wa Shirika la Afya Duniani walilinganisha nchi 168 kuona watu wa wapi wanajishughulisha kimwili na wa wapi wanashinda wamekaa. Uganda ilikuwa miongoni mwa zilizoongoza: ni asilimia 5.5 tu ya watu wazima walioonekana hawafanyi kazi za mwili za kutosha. Kwa hiyo mtu wa Kampala, Jinja au Arua ambaye suruali imeanza kumbana asikimbilie kujiita mvivu. Wengi wetu tunatembea. Shida iko kwenye sahani, na hasa kwenye vile vitu vinavyopita mdomoni bila kuonekana: mafuta, sukari, na lile fungu la tatu la wanga juu ya mawili yaliyokwisha kupakuliwa.

Hapa tutahesabu kalori, lakini hatutahesabu kila jani la dodo, yaani mchicha. Msimamo wangu ni kwamba vitu vichache vizito vipimwe kwa ukali, na vingine vyote vikadiriwe kwa macho. Anayepima kila kitu huchoka haraka na kuacha, na daftari lililoachwa halipunguzi uzito wa mtu.

Wasioanza peke yao

Mjamzito, mama anayenyonyesha, aliye chini ya miaka 18, anayetumia insulini au vidonge vya kisukari, aliye kwenye matibabu ya kifua kikuu, na yeyote aliyewahi kuugua kwa kujinyima chakula: hawa waanzie kituo cha afya. Mwenye kisukari akipunguza chakula huku dawa ikibaki ile ile, sukari yake inaweza kushuka hadi azimie. Na kama uzito wako unapungua wenyewe bila wewe kubadili chochote, usishangilie, nenda ukapimwe.

Halafu hakikisha kweli una uzito wa kupunguza. Chukua urefu wako kwa mita, uzidishe kwa wenyewe, kisha gawa kilo zako kwa jibu hilo. Ukipata kati ya 18.5 na 24.9 uko sawa. Kuanzia 25 uzito umezidi, na kuanzia 30 ni unene wa kupindukia. Aliye chini ya 18.5 aufunge ukurasa huu akale.

Hatua ya 1: Ijue namba yako

Kalori ni kipimo cha nguvu iliyomo kwenye chakula. Gramu moja ya wanga ina kalori 4, ya protini 4, ya kileo 7, ya mafuta 9. Mwili ukipewa chini ya unachotumia, unachota kwenye akiba yake, na akiba hiyo kwa sehemu kubwa ni mafuta.

Kukadiria unachotumia kwa siku, kuna kanuni ya Mifflin na wenzake ya mwaka 1990 ambayo wataalamu wa lishe bado wanaitumia. Zidisha kilo zako kwa 10. Jumlisha urefu wako wa sentimita uliozidishwa kwa 6.25. Toa umri wako uliozidishwa kwa 5. Mwanamume aongeze 5, mwanamke atoe 161. Hiyo ndiyo nguvu ambayo mwili ungeitumia hata kama ungelala kutwa. Kisha izidishe kwa 1.2 kama unashinda kwenye kiti, 1.375 kama unatembea kiasi, 1.55 kama kazi yako ni ya kusimama na kuhangaika, 1.725 kama unalima au kubeba mizigo siku nzima. Mwendesha boda boda asijidanganye hapa. Pikipiki ndiyo inayofanya kazi, yeye amekaa.

Tumchukue mama wa miaka 35, kilo 82, urefu sentimita 162, mwenye duka la vitenge katikati ya Kampala. Hesabu yake: 820 + 1,012.5 − 175 − 161, jibu karibu 1,500. Ukizidisha kwa 1.375 unapata kama 2,060. Akitoa 460 anabaki na kalori 1,600 kwa siku. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina kalori zipatazo 7,700, kwa hiyo upungufu wa 460 kila siku utamwondolea kiasi cha gramu 400 kwa wiki. Zinaonekana kidogo. Kwa miezi sita ni kilo kama kumi.

Toa 400 hadi 500, usizidishe. Mwanamke asiende chini ya 1,200 na mwanamume chini ya 1,500 bila kusimamiwa na mhudumu wa afya. Anayekata 1,000 kwa pupa hushindwa usiku, na saa nne za usiku rolex, chapati iliyoviringishwa na mayai, bado inakaangwa pale kona.

Hatua ya 2: Vifaa

Unahitaji mizani ndogo ya jikoni inayopima gramu, kijiko cha chakula cha mililita 15, kijiko cha chai cha mililita 5, daftari na kalamu. Kikombe chako cha tumpeco nacho kinafaa, ila kipime kwanza kwa chupa ya maji ya nusu lita ujue kinabeba kiasi gani hasa. Programu za simu zipo, lakini nyingi zimejazwa vyakula vya Marekani na Ulaya. Ukitafuta matoke unaweza kuletewa ndizi mbivu. Daftari halina shida hiyo.

Namba utakazozitumia mara nyingi ni hizi, kwa kila gramu 100 za chakula kilichoiva, zote za kukadiria:

- Matoke ya kuchemsha au ya mvuke: 115
- Wali: 130
- Viazi vitamu vya kuchemsha: 85
- Muhogo wa kuchemsha: 150
- Maharage yaliyochemshwa bila mafuta: 125
- Sato asiyekaangwa: 130
- Parachichi: 160
- Chapati: 300
- Chipsi: 300 na zaidi
- Karanga: 570
- Dodo, nakati, sukuma wiki kabla ya mafuta: 20 hadi 35

Posho, yaani ugali, sikuiweka kwa sababu inategemea maji. Ipime kwa unga: gramu 100 za unga wa mahindi zina kalori kama 360, iwe umesonga posho ngumu au laini. Yai moja lina kalori 75. Kwenye pakiti za dukani ukikuta kJ (kilojuli) peke yake, gawa kwa 4.2 upate kalori.

Tazama orodha hiyo vizuri. Matoke hayana hatia. Yanaiva ndani ya majani yake bila tone la mafuta, na sahani yenye gramu 250 haifiki kalori 300. Anayekuambia uache matoke ili upungue, muulize kwanza kilichomiminwa juu yake.

Hatua ya 3: Andika wiki nzima bila kubadili kitu

Kula kama kawaida yako, ila andika kila kinachoingia mdomoni, hata kipande cha chapati ulichomalizia kwenye sahani ya mtoto. Usijirekebishe bado. Unataka kuuona mkondo wa chakula chako ulivyo, na mara nyingi utakuta siku zinazokuangusha ni mbili tu, kwa wengi ni ile ya mshahara na Jumapili.

Hatua ya 4: Mafuta na sukari, hapa ndipo kazi ilipo

Kama utafuata hatua moja tu ya mwongozo huu, ifuate hii.

Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia kina kalori 120. Mpishi anayemimina kutoka kwenye chupa hamimini kijiko kimoja; anamimina mpaka sufuria iitike. Robo lita ya mafuta ina kalori zaidi ya 2,000. Ikiisha kwa siku moja katika nyumba ya watu watano, kila mmoja amekula 400 ambazo hakuzitafuna wala hazikumshibisha. Hizo karibu zinatosha kuwa upungufu wote unaoutafuta.

Si kila mtu anaweza kusimama jikoni na kijiko, hasa kama anayepika ni mama mkwe au dada wa kazi. Tumia njia ya chupa. Siku mnapofungua lita mpya, andika tarehe juu yake kwa kalamu ya wino mzito. Ikiisha, hesabu siku. Lita moja ina kalori kama 8,200. Igawe kwa idadi ya siku, kisha kwa idadi ya walaji. Lita iliyodumu siku tano kwa watu wanne ni kalori 410 kwa kila mtu kwa siku. Ikidumu siku kumi, ni 205. Hakuna aliyenyimwa chakula, na hakuna ugomvi wa jikoni zaidi ya ule wa siku ya kwanza.

Sukari inapimika vivyo hivyo. Kilo moja ina kalori kama 3,900. Nyumba ya watu wanne inayomaliza kilo kwa siku tano inakula karibu 195 kwa kila kichwa kila siku, kabla ya soda wala keki.

Namna ya kupunguza mafuta bila chakula kuwa cha hospitali: kaanga vitunguu kwa kijiko kimoja, kisha tia nyanya mapema na kijiko kimoja cha maji kila vinapoanza kushika. Funika sufuria. Nyanya ikiiva vizuri mchuzi unakuwa mzito wenyewe. Mchuzi wa karanga usiutilie mafuta kabisa, kwa maana karanga zenyewe karibu nusu yake ni mafuta. Pima unga wa karanga kabla ya kuukoroga: gramu 30 kwa kila mlaji ni kalori 170, na ladha inatosha.

Kisha chai. Tumpeco ya nusu lita iliyojaa chai ya maziwa matupu, na vijiko vinne vya chai vya sukari, ni kalori kama 370. Maziwa nusu na maji nusu, sukari kijiko kimoja, inashuka hadi 170. Anayekunywa vikombe viwili kwa siku ameokoa 400 bila kugusa chakula. Sukari ishushe kijiko kimoja kila wiki, ulimi utazoea. Tangawizi na mchaichai vinasaidia sana katika wiki hizo.

Soda ya nusu lita ni kalori 200 na kitu, bia ya nusu lita ni karibu hizo hizo, na mililita 100 za waragi, pombe kali yetu, ni 220 hivi hata kabla ya kuchanganywa na chochote. Juisi ya kusaga nyumbani nayo ina sukari ya matunda matatu au manne kwa glasi moja. Kula tunda lenyewe.

Hatua ya 5: Sufuria moja, walaji wengi

Watu wengi huacha kuhesabu hapa, wakisema hawana sufuria yao peke yao. Huihitaji. Pima sufuria tupu na uandike uzito wake nyuma ya daftari, mara moja basi. Siku ya kupika, andika kila kizito kinachoingia. Kikiiva, pima sufuria yote, toa uzito wa sufuria tupu, na ugawe kalori kwa gramu zilizobaki. Mizani nyingi za jikoni huishia kilo 5, kwa hiyo sufuria ikiwa nzito hamishia mchuzi kwenye bakuli kwa mafungu.

Mfano wa maharage: nusu kilo ya maharage makavu ni kalori kama 1,700, vijiko vinne vya mafuta ni 480, vitunguu na nyanya ni 80. Jumla 2,260. Kama chakula kilichoiva kina uzito wa kilo 2, kila gramu 100 ni kalori 113. Upawa wenu ukibeba gramu 150, ni 170 kwa upawa. Ukishaupima upawa mara moja, kazi imekwisha: siku nyingine unahesabu pawa tu, mradi mpishi habadilishi mafuta.

Hatua ya 6: Panga sahani

Kwetu chakula maana yake wanga, na mwenye mapenzi na wewe atakupakulia matoke, wali, posho, kiazi na muhogo sahani moja, kisha mchuzi kwa pembeni. Geuza uwiano huo. Chagua wanga wa aina moja, mbili kama ni sikukuu, na jumla isizidi gramu 250 mlo wa mchana na 200 usiku. Nusu ya sahani iwe mboga za majani, bilinganya, kabichi, nyanya chungu. Kilichobaki ni protini.

Protini usiipunguze. Lenga gramu 1.2 kwa kila kilo ya uzito unaotaka kuufikia, ili mwili uchome mafuta badala ya misuli, na kwa sababu inashibisha kuliko kitu kingine. Huhitaji nyama ya kila siku. Maharage, mayai, kunde na dagaa wa mukene vinatosha, na mukene wakikaushwa vizuri na kukaangwa kwa kijiko kimoja cha mafuta wanazishinda soseji kwa kila namna, bei ikiwemo.

Siku moja ya yule mama wa kalori 1,600 inaweza kuwa hivi. Asubuhi chai ya maziwa nusu, kikombe cha kawaida, kijiko kimoja cha sukari, mayai mawili ya kuchemsha na kiazi kitamu cha gramu 150: kalori 390. Mchana matoke gramu 250, maharage gramu 200 yenye kijiko cha chai cha mafuta, na dodo nyingi: 655. Alasiri kipande kikubwa cha tikiti maji au papai: 80. Usiku posho ya gramu 60 za unga, sato gramu 150 wa mchuzi wa nyanya wenye kijiko cha chai cha mafuta: 475. Jumla 1,600. Hiyo si sahani ya mgonjwa.

Hatua ya 7: Nje ya nyumba

Rolex ya chapati moja kubwa na mayai mawili haikosi kalori 600: chapati 350, mayai 150, na mafuta ya kukaangia yanayofika kijiko kimoja. Ya chapati mbili ni karibu elfu moja. Usiifute maishani mwako. Omba chapati moja, mafuta kidogo, kabichi na nyanya nyingi, na ihesabu kuwa ndiyo mlo wa mchana. Kosa ni kuila saa kumi kama kitafunwa halafu ukarudi nyumbani kula cha jioni. Kikomando hivyo hivyo: chapati mbili zilizokatwa ndani ya maharage zinapita 900. Gonja (ndizi tamu) ya kuchoma ni afadhali mara nyingi kuliko mandazi. Msimu wa senene ukifika, wahesabu kama karanga, kwa konzi na si kwa sahani, maana wana mafuta mengi.

Kwenye kwanjula (sherehe ya utambulisho kabla ya ndoa) na harusi, mkaribishaji anaangalia kama umekula, hapimi umekula kiasi gani. Pakua mwenyewe ikiwezekana, anza na mboga na kuku, chukua wanga wa aina mbili, kula polepole. Ukisukumiwa nyongeza, "Nimeshiba, mama, chakula ni kitamu mno" inatosha, na uiseme huku kijiko bado kiko mkononi.

Ramadhani hesabu haibadiliki: jumla ya siku ni ile ile, imegawanywa kati ya futari na daku. Sambusa za kukaanga, kalimati na uji wa sukari ndivyo vinavyowafanya watu wamalize mwezi wakiwa wamenenepa. Futuru kwa tende mbili na maji, swali, kisha kaa kwenye mlo.

Hatua ya 8: Pima, linganisha, sahihisha

Panda mizani asubuhi, baada ya kujisaidia na kabla ya kula. Uzito wa siku moja hauna maana. Chumvi, hedhi au mlo wa jana usiku vinaweza kuupandisha kilo nzima. Chukua wastani wa wiki na uulinganishe na wa wiki iliyopita. Kama huna mizani nyumbani, tumia ile ile ya duka la dawa, siku ile ile ya wiki, au futi ya fundi cherehani kiunoni kwenye usawa wa kitovu. Wiki ya kwanza unaweza kupungua kilo 2. Nyingi ni maji, usijenge matumaini juu yake.

Baada ya wiki tatu amua. Wastani ukishuka kati ya gramu 300 na 700 kwa wiki, usiguse kitu. Usiposhuka, rudi kwanza kwenye njia ya chupa ya mafuta kabla ya kukata chakula, kwani mara nyingi ndiyo iliyorudi kupanda. Kama daftari halidanganyi, punguza 100 hadi 150, au ongeza mwendo. Mtu wa kilo 80 akitembea kilomita 5 anatumia ziada ya kalori kama 200, yaani soda moja, na milima ya Kampala inaongeza kidogo juu yake. Ukishuka zaidi ya kilo moja kila wiki baada ya wiki ya pili, ongeza chakula. Na kila zikitoka kilo 5, rudia hesabu ya hatua ya 1, kwa kuwa mwili mwepesi unatumia kidogo.

Chai za kupunguza tumbo ziache dukani. Nyingi zinaharisha tu, na kinachotoka ni maji.

Jambo la mwisho la kujiandaa nalo ni midomo ya watu. Nchi hii iliuona UKIMWI ukiitwa Slim, yaani kukonda, miaka ya 1980, kuanzia Rakai, na bado wapo wazee ambao mtu akikonda moyo wao unaruka. Utaulizwa unaumwa nini, na shangazi atakuletea chakula. Waambie nyumbani mapema kwamba unapunguza kwa makusudi, mwonyeshe mmoja wao daftari, na kama una shaka yoyote wewe mwenyewe, pima damu, shinikizo na sukari kwenye kituo cha afya kabla ya kuanza.

Ukifika uzito ulioutaka, usirudi kwenye sahani ya zamani siku hiyo hiyo. Ongeza kalori 100 kila wiki mpaka wastani usimame, kisha acha kuandika. Endelea kupanda mizani mara moja kwa wiki, na wastani ukizidi kilo 2 juu ya hapo, fungua daftari tena kwa wiki mbili.